Watu Elfu Kumi na Mbili, Jozi Sita

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anapofika Sura ya Tatu ya tasnifu yake, jambo la kwanza linalomkosesha usingizi ni ukubwa wa sampuli. Katika vyuo vyetu vingi jibu limeshazoeleka kiasi kwamba halizui tena mjadala. Huchukuliwa kanuni ya Taro Yamane, au jedwali ambalo Krejcie na Morgan walilichapisha mwaka 1970, na namba hupatikana kwa dakika moja. Kwa kanuni ya Yamane, ukikubali kosa la asilimia 5, basi hata kama unaowachunguza ni laki moja au milioni kumi, sampuli yako haitazidi 400. Jedwali la Krejcie na Morgan nalo linakomea 384. Mwanafunzi anaandika 400, msimamizi anapitisha, hojaji zinapelekwa kudurufiwa. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: hao 400 watatoka wapi, na wana uhusiano gani wao kwa wao? Ninashikilia kwamba somo la takwimu tumizi katika ngazi ya uzamili lina kazi moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kumfundisha mtu kujua ana ushahidi kiasi gani hasa. Jaribio la t, khi mraba, regresheni na jamaa zake zote ni vyombo vinavyofanya kazi vizuri pale tu swali hilo lilipojibiwa kwanza. Lisipojibiwa, vyombo hivyo hutoa majibu yenye sura ya uhakika ambayo hayana uhakika wowote.

Tuchukue utafiti wa kawaida kabisa. Mwanafunzi wa elimu anataka kujua kama upatikanaji wa vitabu vya kiada unahusiana na ufaulu wa hisabati kidato cha pili. Nauli yake inamfikisha shule nne. Anachagua wanafunzi 100 katika kila shule, anakusanya hojaji 400, anaingiza mistari 400 kwenye SPSS, na programu inamrudishia thamani ya p yenye sifuri mbili baada ya nukta. Sura ya Nne inaandikwa kwa kujiamini. Lakini wanafunzi 100 wa shule moja wana mwalimu mmoja wa hisabati, wana maktaba ileile au ukosefu uleule wa maktaba, wana mkuu wa shule mmoja, na aghalabu wanatoka mitaa ileile. Ukishawasikiliza kumi, tisini waliobaki watakwambia mengi uliyokwisha kuyasikia. Ni sawa na mahakama kupokea mashahidi mia ambao wote walihadithiwa tukio na mtu mmoja: orodha ya majina ni ndefu, ushahidi ni wa huyo mmoja. Leslie Kish, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu uteuzi wa sampuli, alitoa njia ya kulipima jambo hili. Chukua idadi ya watu wa kila kundi, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao ndani ya kundi, kisha ongeza moja. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.1, ambacho si cha ajabu kwa alama za mitihani shuleni, tunapata 99 mara 0.1, jumlisha 1, yaani 10.9. Gawanya 400 kwa 10.9. Zinabaki kama 37. Na hapo tunazungumzia kukadiria wastani tu. Kama vitabu hugawiwa kwa shule nzima, shule hii ikavipata na ile ikavikosa, basi ulinganisho wote ni wa shule nne, na hakuna wingi wa hojaji utakaozifanya shule nne ziwe tano.

Kanuni ya Yamane haina kosa lake yenyewe. Inataka kila mtu achaguliwe kivyake, kwa kura, kutoka katika orodha ya wote, bila jirani yake kuwa na nafasi zaidi ya mtu wa mbali. Sharti hilo ndilo linalopotea njiani kati ya kitabu na Sura ya Tatu. Wala hatukosi mfano wa kuiga karibu nasi. Utafiti wa afya na hali ya watu unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu nchini Tanzania, na wenzao wa KNBS nchini Kenya, huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya ndani ya maeneo hayo. Ripoti zake zina kiambatisho kizima cha makosa ya sampuli, chenye safu inayoonyesha kosa limekua mara ngapi kwa sababu watu walichaguliwa kwa makundi. Ukurasa huo haumvutii mtu anayetafuta asilimia ya kunukuu. Kwa mwanafunzi wa uzamili, nathubutu kusema, ndio ukurasa wenye mafunzo kuliko yote katika ripoti hiyo.

Lakini kama ningeambiwa nichague utafiti mmoja tu wa kusomeshea somo hili muhula mzima, ningechagua ule wa Mwanza uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995. Watafiti waliuliza kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati kungepunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI. Walipata jamii 12, kila moja ikiwa na kituo chake cha afya na zahanati zake, wakazipanga jozi sita kwa kufanana kwake: za visiwani, za kando ya ziwa, za kando ya barabara kuu, za ndani vijijini. Katika kila jozi kura iliamua jamii ipi ianze kupata huduma mpya, yaani mafunzo kwa watumishi, dawa zisizokatika, usimamizi wa mara kwa mara na elimu kwa wananchi. Watu wazima wapatao 1,000 waliandikishwa katika kila jamii, jumla yao 12,537. Baada ya miaka miwili walioonekana tena walikuwa 8,845. Kati ya wale waliokuwa hawana virusi mwanzoni, 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa katika jamii zilizopata huduma, na 82 kati ya 4,400 katika zile ambazo hazikupata: asilimia 1.2 dhidi ya asilimia 1.9. Watafiti walipozingatia tofauti nyingine zilizokuwapo na ukweli kwamba kura ilipigwa kwa jamii, walikadiria kuwa hatari ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja, hadi 0.58 ya ile ya upande wa pili.

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kuweka kalamu chini na kuuliza: tuna ushahidi kiasi gani? Watu ni zaidi ya 12,000. Ila huduma haikugawiwa kwa watu, iligawiwa kwa jamii, na kura ilipigwa mara sita. Isingewezekana vinginevyo, maana zahanati humhudumia yeyote anayeingia mlangoni, na ugonjwa wa kuambukiza unapotibiwa kwa mtu mmoja, mwenzake naye hukingwa. Basi tuhesabu kwa vidole. Kama huduma isingekuwa na faida yoyote, katika kila jozi ingekuwa sawa na kurusha sarafu: nusu kwa nusu kwamba jamii iliyopata huduma ndiyo itakayokuwa na maambukizi machache. Katika Mwanza jozi zote sita zilielekea upande mmoja. Nusu ikizidishwa kwa nusu mara sita ni moja kwa 64. Tukikubali pia uwezekano wa zote sita kuelekea upande wa pili, ni mbili kwa 64, yaani 0.031. Hesabu hiyo anaiweza mtoto wa darasa la saba, na imebeba kiini cha utafiti uliogharimu miaka ya kazi. Sasa geuza jozi moja tu. Kama tano zingekwenda huku na moja kule, uwezekano wa kupata matokeo ya namna hiyo au yaliyozidi kwa bahati tu ungekuwa 14 kwa 64, karibu 0.22, na kwa hesabu hii ya vidole hakuna mtu ambaye angethubutu kutangaza lolote. Hesabu kamili ya watafiti ilitumia pia ukubwa wa tofauti katika kila jozi, si mwelekeo peke yake, kwa hiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Hata hivyo mwanafunzi ameshaona kwa macho yake jambo ambalo mhadhara wa saa mbili usingemwonyesha: kwamba ugunduzi wa watu elfu kumi na mbili unaweza kutegemea jozi moja kati ya sita.

Mtu makini atanikatiza hapa, na ana haki. Atachukua zile namba za watu, 48 kati ya 4,149 na 82 kati ya 4,400, atazitia katika khi mraba ya kawaida kana kwamba kila mtu alipigiwa kura yake, na atapata thamani ya p karibu na 0.008. Watafiti, kwa njia yao ya jamii, walipata 0.007. Sasa ugomvi wote huu ni wa nini, ikiwa njia ya mkato na njia ndefu zimefika mahali pamoja? Ninaliheshimu swali hili kwa sababu linatoka katika namba zenyewe. Jibu langu ni kwamba hatungejua kuwa njia ya mkato haikutudanganya safari hii kama mtu asingepita ile ndefu. Maambukizi mapya yalikuwa machache, jozi zilichaguliwa kwa uangalifu, na tofauti ilikuwa ya mwelekeo mmoja kila mahali. Mambo hayo matatu yakikutana, hesabu ya watu na hesabu ya jamii hukaribiana. Ondoa moja na zitaachana, na karatasi ya khi mraba haitakuonya, kwa kuwa yenyewe haioni jamii, inaona watu tu. Jerome Cornfield aliliandika hili mwaka 1978 bila kumung'unya maneno: anayepiga kura kwa makundi kisha akachambua kana kwamba alipiga kwa mtu mmoja mmoja anajidanganya mwenyewe. Kujidanganya si lazima kuishie katika jibu lisilo sahihi. Wakati mwingine jibu huwa sahihi, na hapo ndipo tabia mbaya inapoota mizizi.

Kuchagua kipimo cha ushahidi, tena, si jambo la hesabu peke yake. Ni jambo la kuujua ulimwengu unaouchunguza. Katika Busia, magharibi mwa Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza dawa za minyoo katika shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, shule zikiingizwa kwa awamu. Utafiti wao ulitoka mwaka 2004. Walipanga kwa shule kwa sababu mayai ya minyoo hutoka kwa mtoto mmoja na kumfikia mwingine kupitia udongo na maji. Ukimpa dawa mtoto huyu na kumnyima anayeketi naye dawati moja, aliyenyimwa naye hunufaika, na ukiwalinganisha wawili hao utaona tofauti ndogo na kusema dawa haina maana. Anayejua maisha ya mnyoo ndiye anayejua kuwa ulinganisho lazima uwe wa shule kwa shule. Miaka kumi na moja baadaye watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walirudia hesabu hizo kwa kutumia data ambazo wenyewe wa mwanzo walizitoa, wakakuta makosa katika sehemu iliyokadiria faida kwa shule za mbali. Mabishano makali yakafuata kuhusu kinachobaki na kinachoanguka. Miongoni mwa waliorudia hesabu alikuwamo Richard Hayes, mmoja wa watafiti wa Mwanza. Mabishano hayo hayakuwa na urembo wa hisabati ngumu. Mengi yalikuwa kuhusu shule ipi ihesabiwe kuwa jirani ya ipi, na mwaka upi uwekwe pamoja na upi.

Pingamizi jingine linatoka ng'ambo ya ziwa. Katika wilaya ya Rakai, Uganda, utafiti wa aina ile ya Mwanza ulichapishwa mwaka 1999. Makundi ya vijiji yalikuwa kumi, na katika yale ya upande mmoja matibabu ya magonjwa ya zinaa yalipelekwa kwa wote majumbani kila baada ya miezi kumi. Maambukizi mapya ya virusi yalikuwa sawasawa pande zote mbili: mtu mmoja na nusu kwa kila watu mia kwa mwaka. Basi mtu atasema, ikiwa uangalifu wa Mwanza ulisema ndiyo na uangalifu wa Rakai ukasema hapana, uangalifu umetufaa nini? Umetufaa sana, na hapa nasema kwa moyo wote. Kwa kuwa kila upande ulihesabu ushahidi wake kwa haki, hakuna aliyeweza kuukimbia ubishi kwa kusema mwenzake amekosea hesabu. Ikabidi watu watazame hali yenyewe. Rakai takriban asilimia 16 ya watu wazima walikuwa na virusi tayari, Mwanza kama asilimia 4 tu, na ugonjwa ulioenea kiasi hicho hauhitaji tena kidonda cha zinaa kuufungulia njia. Mwanza dawa zilikuwapo zahanati siku zote kwa mwenye dalili. Rakai zilikuja kwa msimu, na katikati ya misimu watu waliambukizana upya. Vidonda vingi vya Rakai vilikuwa vya hepesi, ambayo dawa za bakteria haziigusi. Mazungumzo ya namna hiyo, yenye kuzaa maarifa, hayawezekani kati ya tasnifu mbili ambazo kila moja imetangaza p chini ya 0.05 kwa hojaji 400 kutoka mahali panne.

Wapo wanaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa Stata na R zina modeli za ngazi nyingi zinazoshughulikia makundi zenyewe. Amri ni mstari mmoja. Mfundishe mwanafunzi mstari huo na umemaliza. Ningependa iwe hivyo. Ila programu haijui kuwa wanafunzi wa mstari wa 1 hadi wa 100 walifundishwa na mtu mmoja, mpaka pawepo safu inayosema hivyo, na mtu aliyefundishwa kuhesabu vichwa hakuiweka safu hiyo. Tena modeli ya ngazi nyingi inapaswa kukadiria shule zinatofautianaje, na ukiipa shule nne, inakadiria tofauti hiyo kwa namba nne. Itatoa jibu, kwa sababu ndiyo kazi yake kutoa jibu. Kulijua jibu hilo lina uzito gani kunaturudisha palepale tulipoanzia.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha, na sioni vizuri kulipita kwa haraka. Mwanafunzi wa uzamili anayejilipia ada, mwenye miezi michache ya kukusanya data na pikipiki ya kukodi, hawezi kufanya utafiti wa Mwanza. Tukimwambia kwamba shule nne hazitoshi, je, hatumwambii kwamba utafiti ni wa wenye wafadhili? Turudi kwenye hesabu ya Kish kabla ya kukata tamaa. Badala ya wanafunzi 100 katika shule nne, achague kumi katika shule 20. Tisa mara 0.1, jumlisha 1, ni 1.9, na 200 kwa 1.9 ni kama 105. Hojaji zimepungua kwa nusu, ushahidi umekaribia kuwa mara tatu. Gharama ya kudurufu na ya kuingiza data imeshuka, nauli imepanda, na pengine mizani ya fedha isimlemee kama alivyoogopa. Pale ambapo hata nauli ya shule 20 haipatikani, bado kuna njia ya heshima: abadilishe swali. Shule nne zilizochunguzwa kwa kina, kwa kukaa darasani, kusoma madaftari, kuzungumza na walimu, zinaweza kueleza namna kitabu kinavyotumika au kinavyofungiwa kabatini, jambo ambalo hojaji 400 haziwezi. Kinachomwonea maskini ni kumwacha atumie akiba yake kukusanya namba ambazo hazina uwezo wa kujibu swali lake, kisha kumvisha joho.

Kwa hiyo kikao cha kutetea pendekezo la utafiti kina kazi ya kufanya kabla nauli haijatumika. Wajumbe huuliza kanuni ya sampuli ilitoka kwa nani na mwaka gani. Waulize pia ni vitu vingapi vilivyogawiwa, kuchaguliwa au kutofautiana kweli, na watu wamefungamanaje ndani ya vitu hivyo. Waombe jedwali dogo: shule ngapi, watu wangapi kwa kila shule, kiwango gani cha kufanana kimekisiwa na kwa sababu gani. Na data zikishakusanywa, safu ya shule au kijiji, kwa namba ya siri bila jina, ihifadhiwe pamoja na tasnifu. Kiwango cha kufanana cha 0.1 nilichotumia hapa ni cha kukisia. Kiwango cha kweli cha alama za hisabati kidato cha pili, Dodoma au Kisumu, kinaweza kukokotolewa kutoka kwa hojaji za mwanafunzi aliyetangulia, ikiwa tu aliandika kila hojaji imetoka shule gani.